Kero Ndogo za Pikipiki: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Majibu haya ni ya pikipiki zinazojaa kwenye steji zetu za Uganda kuanzia Busia hadi Arua: Bajaj Boxer, TVS HLX na ndugu zao wa cc 100 hadi 150. Hayahusu pikipiki iliyoharibika. Yanahusu yale iliyozaliwa nayo kiwandani, ambayo mwenye pikipiki anakutana nayo kila asubuhi na kusonya.

## Mambo ya msingi

Pikipiki ni mpya kabisa. Kwa nini ina kero nyingi hivi?

Kwa sababu ilitengenezwa iuzwe bei nafuu, na nyingi kati ya hizi zilichorwa kwanza kwa ajili ya barabara za India. Injini, gia na fremu ndipo pesa ilipokwenda, na mahali hapo mtengenezaji hakubahatisha. Alipobana ni kwenye vitu vidogo: kava za plastiki, vioo, kifuniko cha tangi, waya za taa. Injini itavumilia miaka ya kubeba watu watatu na mkungu wa matoke, huku kava la ubavuni likidondoka kabla hujazoea namba ya pikipiki yako.

Nitajuaje kama hii ni kero tu au ni hatari?

Jiulize inagusa nini. Ikigusa breki, usukani, matairi, taa, au ikiwa petroli inavuja, hiyo si kero tena hata kama kila mtu stejini anaishi nayo. Ikigusa starehe, sura au mazoea yako, una muda wa kufikiri.

Kuna chache zinazojificha katikati. Stendi ya pembeni ni moja, kioo kinachotikisika ni kingine. Zote mbili zina majibu yake hapa chini.

Nikianza kubadilisha vitu, waranti itakufa?

Kuongeza mpira, washa (kile kipete cha chuma cha bolti) au kinga ya ekzosi hakujawahi kumsumbua mtu. Kukata waya kunasumbua. Pikipiki ikiwa bado kwenye waranti au mkopo, usikate wala kuchomelea chochote kwenye fremu na waya bila kuuliza kwanza, kwa maana umeme ukifa baadaye, kitu cha kwanza kitakachoangaliwa ni ile selotepu nyeusi uliyozungusha wewe.

## Tangi na mafuta

Geji ya mafuta inanidanganya. Nifanyeje?

Iache idanganye. Geji hizi hutumia boya linaloelea tangini, na sisi tunaonunua petroli ya elfu tano tano tunaliacha boya hilo likikaa chini siku nzima, sehemu ambayo usomaji wake ni mbovu kuliko zote. Pikipiki ikilala kwenye stendi ya pembeni, mafuta yanahamia upande mmoja na mshale unasema kitu kingine kabisa.

Kinachoaminika ni kilomita. Siku moja ukiwa na pesa jaza tangi hadi juu, andika namba ya kilomita, fanya kazi yako kama kawaida, kisha ujaze tena hadi pale pale. Gawa kilomita kwa lita ulizoongeza. Namba hiyo ni ya pikipiki yako, kwa mzigo wako na barabara zako, na ina maana kuliko ile iliyoandikwa kwenye tangazo.

Kisha acha tabia ya kuendesha bomba likiwa kwenye rizavu wakati wote. Rizavu haina tangi lake la pekee. Ni mafuta yale yale ya chini, yanayofikiwa na tundu la pili lililo chini zaidi. Ukiishi huko, siku yakiisha hutapata onyo lolote.

Pikipiki inazimika baada ya kilomita kadhaa, nikisubiri kidogo inawaka tena. Fundi amebadilisha plagi, amesafisha kabureta, bado. Shida ni nini?

Kabla hujalipa tena, angalia kifuniko cha tangi. Petroli ikitoka kwenda kwa kabureta, hewa lazima iingie kushika nafasi yake, na njia yake kwenye pikipiki nyingi za aina hii ni kitundu kidogo ndani ya kifuniko. Vumbi la murramu likikiziba, tangi linavuta ndani, mafuta yanashindwa kushuka na injini inakufa kana kwamba tangi ni tupu. Ukisimama, hewa inajipenyeza polepole, injini inawaka, unafurahi, halafu inakufa tena mbele.

Jaribio lake ni la bure. Ikizimika, fungua kifuniko papo hapo na usikilize. Ukisikia "fyuu" ya hewa ikiingia, kisha pikipiki ikawaka mara moja, umepata mchawi wako. Kisafishe kwa upepo wa pampu na waya mwembamba. Usikitoboe kiwe kikubwa, maana utakuwa umefungulia mvua mlango.

Msimu wa mvua tatizo hili tunajitengenezea wenyewe. Mtu anafunika kifuniko kwa kavera, yaani mfuko wa plastiki, anakaza na mpira wa blada ili maji yasiingie, na anaziba ile hewa vizuri kuliko vumbi lingeweza. Kama unafunika, funika ukiwa umeegesha, na uvue kabla ya kuondoka.

Maji yanaingiaje tangini wakati kifuniko kimefungwa?

Kwenye matangi ambayo kifuniko kimelala sawa na bati, kuna mfereji mdogo kukizunguka, na ndani ya mfereji huo kuna tundu la kutolea maji, lenye mrija unaoshuka hadi chini ya pikipiki. Tundu likijaa uchafu, mfereji unageuka kisima. Unafungua uongeze mafuta, kisima chote kinamwagikia ndani.

Mwaga maji kidogo kwenye mfereji huo ukiangalia chini. Yasipotokea chini, pitisha waya laini taratibu. Fanya hivyo kabla ya mvua za Machi na tena kabla ya zile za Septemba. Kwa wanaoosha pikipiki kwa mashine ya presha, fanyeni hivyo mara nyingi zaidi, na msielekeze ule mdomo kwenye kifuniko.

Yakishaingia, maji ni mazito kuliko petroli, hivyo yanakaa chini kabisa. Anayeishi kwenye rizavu ndiye anayeyanywa kwanza. Fungua skrubu ya chini ya bakuli la kabureta, mwaga kilichomo kwenye chupa safi, na utayaona yamejitenga chini kama matone ya kioo.

Kwa nini kifuniko hakina bawaba? Nashindwa pa kukiweka.

Bei tu. Kishike mkononi. Kile kinachowekwa juu ya siti husahaulika, na kile kinachowekwa chini huokota mchanga na kuupeleka tangini.

## Miguu, magoti na ugoko

Ekzosi inawachoma abiria. Kuna kinga?

Ipo, na kwa boda ningeinunua kabla ya kununua redio. Kwenye pikipiki hizi ekzosi iko kulia, na kinga ya kiwandani hufunika sehemu ndogo tu ya bomba. Mafundi wa bati wa Katwe, Kampala, au fundi yeyote wa kuchomelea mjini kwako, wanaweza kukunja bati lenye matundu na kulifunga kwa klipu. Liachie nafasi ya hewa kati yake na bomba. Bati lililogusana na bomba litapata moto uleule na kuchoma vilevile.

Abiria apande na kushuka kushoto. Mwambie kabla hajainua mguu. "Nyabo (mama), upande huu" inatosha.

Akishaungua, mwagilia maji safi ya baridi yanayotiririka kwa dakika 20, na uvue kiatu au bangili ya mguuni mapema kabla hapajavimba. Dawa ya meno, mafuta ya kula na yai vinabaki jikoni. Lengelenge lisipasuliwe. Jeraha kubwa au la mtoto lipelekwe kituo cha afya.

Gambuti haiingii chini ya pedali ya gia. Nikate pedali?

Usikate. Pedali ya gia kwenye pikipiki nyingi hizi ina ncha mbili, ya vidole na ya kisigino, na ukivaa gambuti huna haja ya kuiingiza chini ya pedali: mbele unakanyaga kwa kiatu, nyuma unakanyaga kwa kisigino. Kama bado ni finyu, legeza bolti inayoshika pedali kwenye mhimili wake, ichomoe, izungushe jino moja la msumeno kwenda juu, rudisha na ukaze. Hakikisha tu kwamba ncha ya nyuma haijashuka ikagonga kikanyagio.

Ukizoea gia za mbele zote, yaani zote zinapandishwa kwa kukanyaga ncha ya mbele, kisha ukaazima pikipiki ambayo gia ya kwanza ni chini na zilizobaki ni juu, jizoeze uwanjani kwanza. Kukanyaga ukidhani unapandisha gia, kumbe unashusha kwa mwendo kasi, si kero ndogo.

Kiki inanirudia na kunigonga ugoko.

Unaipiga kutoka katikati. Kunja kikanyagio, sukuma kiki taratibu mpaka uhisi ugumu, ipitishe kidogo hapo, iachie irudi juu, ndipo uisukume yote kwa uzito wa mwili, kwa katikati ya unyayo. Ikiendelea kurudi kwa nguvu hata hivyo, fundi aangalie taimingi, yaani wakati plagi inapotoa cheche.

Stendi ya pembeni nasahau kuipandisha. Hiyo nayo ni kosa langu?

Sehemu ni lako, sehemu ni ya aliyeichora. Pikipiki za bei ya juu zina swichi inayozima injini ukiingiza gia stendi ikiwa chini. Nyingi za kwetu hazina. Stendi iko kushoto, kwa hiyo inasubiri kona ya kushoto, inachimba lami na kukuinua juu ya tairi. Hapa ndipo kero inapogeuka hatari.

Dawa ya bei ndogo ni kuangalia springi: ikilegea, stendi hushuka yenyewe kwenye matuta, basi badilisha. Dawa nyingine ni kujifunza kutumia stendi kubwa ya katikati kila unaposimama zaidi ya dakika moja. Pia inakuokoa na lile tatizo la stendi kuzama kwenye udongo laini. Wengine huchomelea kibati cha duara chini ya mguu wa stendi, na ni wazo zuri, mradi kisiwe kikubwa kiasi cha kukwaruza barabara ukilala kwenye kona.

## Umeme

Taa inafifia nikipunguza mwendo. Betri imekufa?

Pengine hapana. Kwenye modeli nyingi za bei nafuu taa ya mbele inapata umeme moja kwa moja kutoka kwenye koili za injini, bila kupitia betri. Injini ikizunguka polepole, taa inakuwa ya njano, na ukivuta mafuta inang'aa. Ndivyo ilivyochorwa. Kubadilisha betri hakutasaidia kitu. Safisha kioo cha taa kwa ndani na nje, kaza waya wa ardhi (ule unaofungwa kwenye fremu), kisha uendeshe usiku kwa mwendo ambao taa yako inautosha.

Na ukikuta pikipiki ya Kihindi isiyo na swichi ya kuzima taa, haijaharibika. Tangu Aprili 2017 sheria ya India inataka pikipiki mpya zinazouzwa huko ziwashe taa zenyewe injini inapowaka.

Naweza kuongeza taa za LED na chaja ya simu?

Chaja ndiyo, bila hofu: inakula takriban wati 10. Taa za ziada ni habari nyingine. Koili za pikipiki ndogo hazina akiba kubwa, na taa mbili kali zikiwaka jioni nzima kwenye foleni ya Barabara ya Jinja zitamaliza betri huku injini ikinguruma. Chagua moja ya wati chache. Waya wake utoke kwenye betri kupitia fyuzi na rilei (swichi inayowashwa kwa umeme), uwashwe na ufunguo, usidandie waya wa honi. Na ielekeze chini. Anayekuja mbele yako naye anataka kufika nyumbani.

Indiketa haizimiki yenyewe.

Haizimiki, na mchana wa jua hata kitaa chake kwenye dashibodi hakionekani. Funga kengele ndogo inayolia indiketa ikiwaka. Abiria wataichukia. Wewe utaacha kuwadanganya madereva wa matatu kwamba unakata kona.

## Mtetemo, vumbi na matope

Kava la ubavuni linadondoka kila mara. Kuna namna?

Hii ndiyo kero ninayoulizwa kuliko zote. Litoe ulitazame kwa nyuma: lina vijiti vya plastiki vinavyoingia kwenye vipira vilivyo kwenye fremu. Vipira vikikauka kwa jua vinakuwa vigumu na vyembamba, kijiti kinacheza, na barabara ya murramu inamaliza kazi. Mara nyingi kijiti kizima kinakatikia humo ndani kwa sababu mtu alilivuta kava kwa kona moja.

Vipira vipya ni bei ya chapati, viko soko la Kisekka, Kampala, na kwenye duka lolote la spea. Vipake oili kidogo kwanza ili kijiti kiingie bila kulazimishwa, na siku ya kutoa vuta karibu na kila kijiti, kimoja kimoja. Kijiti kikishakatika, toboa tundu dogo ukingoni mwa kava na ulifunge kwenye fremu kwa ukanda wa blada. Haipendezi, lakini blada hunyumbuka na mtetemo, wakati waya wa chuma utakata plastiki baada ya muda. Usiliache wazi tu. Upande mmoja nyuma ya kava mara nyingi kuna betri, na maji ya madimbwi yanajua njia.

Vioo vinatikisika hata sioni kitu.

Kaza nati ya chini kwanza. Angalia upande wa kulia: kwenye baadhi ya pikipiki, za Yamaha hasa, kioo cha kulia kina nyuzi za kinyume, na anayekilazimisha kwa njia ya kawaida anaharibu tundu. Vioo vikubwa vya mapambo vyenye mkono mrefu hutetemeka zaidi ya vile vya kiwandani, hivyo usidhani ukubwa ni dawa. Kuvitoa ili kupenya foleni ya Kampala ni kujinyima macho ya nyuma mahali ambapo unayahitaji zaidi.

Nitoe boksi la cheni? Linapiga kelele na linafanya ugumu wa kukaza.

Libaki. Kelele mara nyingi ni bolti moja iliyolegea au bati lililopinda likagusa cheni. Linyooshe. Ukilitoa, vumbi la murramu litachanganyika na oili kuwa msasa, cheni na sproketi zitaisha mapema, na oili itarukia nguo za abiria. Maboksi mengi yana tundu lenye kizibo cha mpira la kuangalia cheni bila kufungua chochote.

Ukikaza, acha mchezo wa milimita 25 hadi 35 katikati ya upande wa chini, au kama kibandiko cha pikipiki yako kinavyosema. Kumbuka kwamba abiria wakikaa, mkono unaoshika gurudumu la nyuma unapanda na cheni inajikaza zaidi. Cheni iliyokazwa sana ikiwa tupu itavuta bearing za gia ikibeba mzigo.

Madigadi ya mbele inajaa udongo mpaka gurudumu linakwama.

Wa Bududa, Kapchorwa na milima ya Kigezi wanaijua hii. Madigadi imekaa karibu na tairi, nafasi nzuri kwa lami, mbaya kwa udongo wa mfinyanzi. Iinue kwa washa nene kwenye bolti zake, kisha mkae watu wawili na mbonyeze shoki hadi chini kuona kama haigusi kitu. Kuitoa kabisa kunahamishia matope kwenye taa, injini na uso wako. Beba kijiti.

## Abiria na mizigo

Lile wavu la chuma kushoto kwa gurudumu la nyuma lina kazi gani? Nataka kulitoa, linazuia mzigo.

Ni kinga ya nguo. Kanuni za magari za India za mwaka 1989 zinadai pikipiki iwe na kitu cha kufunika gurudumu la nyuma ili nguo ya abiria isinaswe, kwa sababu ya sari na wanawake wanaokaa upande. Kwetu ni gomesi (gauni refu la kina mama) na leso, na kwa bahati tunaendesha kushoto kama wao, kwa hiyo kinga iko upande ule ule abiria anaotundika miguu. Ni kitu kimoja cha Kihindi kilichotufaa bila kurekebishwa. Mzigo ufungwe juu ya keria. Na hata wavu likiwepo, mwambie mama akusanye ncha za mshipi wa gomesi mapajani, maana ni ndefu kuliko wavu.

Mzigo unafunika taa ya nyuma.

Funga kiakisi chekundu au taa ndogo ya ziada nyuma ya mzigo wenyewe. Taa ndogo kama hiyo inakula umeme kidogo, hivyo onyo la LED hapo juu halihusiki sana.

Siti inanyonya maji.

Kava limetoboka, sponji imeshiba. Ikaushe siku nzima ya jua kabla ya kushona kava jipya, vinginevyo unafungia ndani maji ambayo abiria atayakalia wiki nzima.

## Hali zisizo za kawaida

Pikipiki inazubaa nikifika Kabale. Ni petroli ya huko?

Ni hewa ya huko. Kampala iko karibu mita 1,200 juu ya usawa wa bahari, Kabale karibu 2,000. Injini isiyo na tabo (pampu ya kusukumia hewa ndani) hupoteza takriban asilimia 10 ya nguvu kwa kila mita 1,000, na kabureta haijui umepanda: inaendelea kumwaga petroli ile ile kwenye hewa pungufu, plagi inakuwa nyeusi. Kwa safari ya siku mbili vumilia na ushushe gia mapema. Ukihamia huko, fundi akupunguzie jeti, kile kitundu cha kabureta kinachopima petroli. Ukirudi Kampala irudishwe, kwani mchanganyiko mwembamba huunguza injini.

Navuka mpaka wa Vurra kwenda Ariwara, Congo, na mizigo. Kuna cha kubadilisha?

Congo wanaendesha kulia, kama Rwanda na Sudan Kusini. Abiria wako akishuka kushoto kama kawaida, anashukia katikati ya barabara. Akishuka kulia, anashukia kwenye ekzosi. Kinga ya bomba kwa safari hizo ni lazima. Simama nje kabisa ya barabara na umshushe kushoto.

Nimenunua pikipiki ya mkono wa pili, imejaa marekebisho ya mwenye kwanza. Nianzie wapi?

Anza na waya. Fuata kila waya wenye selotepu mpaka ujue unakwenda wapi, na usiojulikana mwisho wake ukatwe na kuzibwa, waya za betri zikiwa zimefunguliwa. Kisha hesabu meno ya sproketi ya mbele. Wengine huweka kubwa ili pikipiki ikimbie, na wewe unabaki na pikipiki isiyopanda mlima, ukilaumu injini. Geji ya spidi haitakuonyesha tofauti kama kebo yake inatoka gurudumu la mbele. Mwisho fungua kifuniko cha tangi uangalie kile kitundu, kama kuna mtu alishakipanua kwa msumari. Kama alikipanua, nunua kifuniko kipya pamoja na ufunguo wake.